Kusomea uchunguzi wa kompyuta ngazi ya uzamili: kutoka flashi ya nyumbani hadi kizimba cha shahidi

Mahakama yenyewe ilikuwa ya mazoezi. Tulipanga meza za darasani, na hakimu alikuwa mhadhiri wa sheria aliyevaa joho la kuazima. Hata hivyo jasho lilinitoka la kweli. Ripoti yangu ilisema mshtakiwa alifungua faili la mishahara saa 8:14 usiku. Wakili wa utetezi, mwanafunzi mwenzangu niliyekunywa naye chai asubuhi ile, akasimama.

"Shahidi, saa hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya mshtakiwa."

"Kompyuta iliyokuwa Dar es Salaam?"

"Ndiyo."

"Na programu uliyotumia kuisoma, ilipangwa kuonyesha saa za wapi?"

Nikanyamaza. Niliiacha kwenye UTC, saa ya rejea ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Faili lilifunguliwa saa 11:14 alfajiri, wakati mfanya usafi ameshaingia ofisini. Mwenzangu hakuniachia hapo. "Na umejuaje kuwa ni mshtakiwa aliyelifungua? Ulimwona?" Sikumwona. Nilichokiona ni akaunti yenye jina lake.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu shahada hii ya kuchunguza kompyuta kwa ajili ya ushahidi mahakamani huanza na programu: nitafundishwa Cellebrite? EnCase je? Utafundishwa. Lakini kama shida yako ni kujua kitufe kipi kinabonyezwa wapi, kozi fupi ya wiki moja inakutosha, usijisumbue na mwaka mzima wa masomo na tasnifu. Kwenye uzamili unalipa ada ili uulizwe "umejuaje?" mpaka uzoee kujiuliza mwenyewe kabla hujaandika sentensi.

Jipime kwanza kwa flashi

Kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, tenga wikiendi mbili. Unahitaji flashi ndogo isiyo na kitu cha maana, GB 4 au 8, kompyuta yenye Linux (Ubuntu inatosha), na flashi nyingine uliyoiwekea CAINE. Hiyo CAINE ni Linux ya Waitaliano iliyotengenezwa kwa kazi hii, na sifa yake kubwa ni kwamba diski yoyote unayoichomeka huizuia isiandikwe mpaka wewe uruhusu.

Ukiwa kwenye Ubuntu, ijaze flashi sifuri tupu mwanzo hadi mwisho, kisha ifomati kwa FAT32, namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye flashi. Weka picha tatu, zipe majina PICHA1.JPG, PICHA2.JPG na PICHA3.JPG, halafu futa ya kwanza kwa Shift na Delete. Ukibonyeza Delete peke yake, faili halifutwi. Linahamia kwenye folda iliyofichwa ya takataka ndani ya flashi ileile, na nimeona watu wakihangaika nusu siku wakidhani "wamelirejesha" faili ambalo halikuwahi kuondoka.

Sasa washa kompyuta kwa CAINE, chomeka ile flashi ya picha, na upige heshi ya SHA-256 ya flashi nzima, yaani hesabu inayogeuza kila kilichomo kuwa mstari mmoja mfupi. Angalia vizuri ni diski ipi unayoisoma, usije ukapiga heshi ya CAINE yenyewe. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Unakili kwenye daftari, kwa kalamu. Piga tena, mstari utakuwa uleule. Kisha zima, washa Windows, chomeka flashi, usifungue chochote, hesabu mpaka kumi, ichomoe kwa utaratibu. Rudi CAINE upige heshi kwa mara ya tatu. Mstari umebadilika wote, si herufi moja wala mbili. Hukugusa kitu, lakini Windows imeshaweka folda yake ya System Volume Information. Ukishaliona hilo kwa macho yako huhitaji mtu kukueleza kwa nini wachunguzi hubeba vifaa vya kuzuia diski isiandikwe, wala kwa nini askari aliyewasha laptopu ya mtuhumiwa "kuangalia tu" ameshaipa kesi kidonda.

Wikiendi ya pili, tengeneza nakala kamili ya flashi, baiti kwa baiti, uifungue kwa programu ya kusomea heksadesimali kama HxD, ambayo huonyesha kila baiti kwa alama mbili. Tafuta jina la picha uliyoifuta. Utalikuta, ila herufi yake ya kwanza haipo: mahali pa P pamewekwa baiti E5, na Autopsy, programu ya bure ya uchunguzi, itakuonyesha _ICHA1.JPG. Kwenye FAT kufuta ndiko huko: jina linatiwa alama na nafasi inaandikwa kuwa iko wazi, basi. Sasa tafuta FF D8 FF, mwanzo wa picha ya JPEG, ufuate mpaka FF D9. Nakili kipande chote hicho, kihifadhi kama faili jipya. Picha inafunguka. (Kama simu yako huweka picha ndogo ya muhtasari ndani ya picha kubwa, utakutana na FF D9 mbili na utakata mapema. Kosa zuri hilo, lifanye.) Usitegemee bahati hii kwenye diski za SSD za siku hizi, maana amri ya TRIM huziambia ziyasafishe maeneo yaliyofutwa, na mara nyingi ukifika hukuti kitu.

Ukimaliza, andika ripoti ya kurasa mbili kwa Kiswahili, umpe mtu asiyejua kompyuta. Shangazi anafaa. Akikuuliza "sasa wewe umejuaje kama ndiyo picha ileile?" na ukaweza kumjibu bila kukasirika, omba chuo. Kama zoezi zima lilikuchosha roho, umeokoa ada. Usalama wa mtandao una matawi mengine mengi yasiyodai uvumilivu wa namna hii.

Sheria ya nyumbani uijue kabla ya kusafiri

Wanafunzi wetu wengi wanaosomea nje hurudi wanajua sheria za Uingereza kuliko za kwao. Tanzania, soma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, hasa kifungu cha 18, kinachotaja mambo ambayo mahakama itayapima kwenye ushahidi wa kielektroniki: uaminifu wa namna taarifa ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa; namna ilivyolindwa isichezewe; na namna mwenye kuitoa alivyotambuliwa. Zile heshi tatu ulizoandika kwenye daftari zinajibu jambo la pili. La tatu ndilo lililonishinda mimi kwenye ile mahakama ya meza za darasani. Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukipenda kujua tulikotoka, tafuta uamuzi wa Jaji Nsekela kwenye shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, mwaka 2000, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara, ambapo karatasi zilizochapwa na kompyuta ya benki zilikubaliwa wakati sheria yenyewe haikuwa imeifikiria kompyuta.

Kwa Kenya, anza na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaka cheti cha kuambatana na nakala za kompyuta, kisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018. Mchunguzi aliyefanya kazi safi kisha akasahau cheti ameupatia upande wa pili pingamizi la bure.

Kuna jambo jingine ambalo vyuo vya nje hawatakuambia. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama Tanzania ni Kiswahili. Umesoma kila kitu kwa Kiingereza, halafu unasimama kumweleza hakimu kwa Kiswahili heshi ni nini. Anza mapema daftari la istilahi. Mimi husema heshi ni alama ya kidole ya faili: haikuambii ndani mna nini, inakuambia ni lilelile au si lilelile. Kuhusu saa, uwe na msimamo mmoja kwenye ripoti nzima. Shahidi akisema "saa nane usiku" na mtu akaiandika 8 PM, mmeshapoteana kwa saa sita kabla hata hamjafika kwenye UTC. Mimi huandika zote mbili kila mara: saa 8:14 usiku (02:14, Afrika Mashariki).

Kuchagua chuo: soma orodha ya masomo, achana na jina la shahada

Huku kwetu fani hii mara nyingi imo ndani ya uzamili wa usalama wa mtandao au wa mifumo ya habari. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanayo shahada ya kwanza yenye jina la uchunguzi wa kidijitali, lakini ngazi ya juu itakubidi uchambue chuo kimojakimoja. Nje kuna aina mbili. Zipo kozi zilizotengenezewa vyombo vya dola, mfano ni ile ya UCD kule Dublin ya uchunguzi wa kompyuta na makosa ya mtandao. Kama wewe ni askari au mchunguzi wa serikali, anza kuulizia huko. Kama si mmoja wao, usipoteze muda. Na zipo za watu wote. Cranfield wana uzamili wa uchunguzi wa kidijitali ndani ya taasisi ya sayansi ya jinai, yaani unasoma jirani na watu wa mifupa na risasi. Edinburgh Napier wamekuwa wakiuchanganya na usalama wa mtandao. Kwa Uingereza kwa jumla, angalia kama shahada ina ithibati ya NCSC, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha huko, na kama ithibati hiyo ni ya uchunguzi wa kidijitali au ya usalama tu.

Waandikie mratibu wa kozi, mara nyingi wanajibu. Waulize sheria inafundishwa na mwanasheria au na mhandisi aliyesoma sheria kidogo. Waulize kama kuna mahakama ya mazoezi. Ikiwa hakuna, mimi ningetafuta chuo kingine, na sitanii. Waulize kama mifumo ya mafaili inafundishwa kwa mkono, baiti kwa baiti, au kupitia programu. Waulize leseni za programu kubwa zinapatikana ukiwa chumbani au lazima ukae maabara, ambayo usiku hufungwa.

Uzamili wa Uingereza ni krediti 180, na kwa kawaida 60 kati yake ni tasnifu. Mwaka mmoja unakimbia. Kwa Mtanzania anayesoma nje, mambo ya kuitambua shahada yako yako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wasiliana nao kabla ya kulipa ada, usingoje urudi na cheti mkononi.

Pesa

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipa karibu kila kitu kwa uzamili wa mwaka mmoja huko. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili, na unachagua kozi tatu. Kwenye insha zao, usiandike kwamba unapenda teknolojia. Andika kesi unazoziona zikikwama. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao upo, na una mantiki yake ya maendeleo ambayo unapaswa kuisoma kabla ya kuomba. Mwajiri wako usimsahau: benki na kampuni za simu zinapoteza fedha kwa utapeli wa miamala kila siku, na barua moja yenye hoja huweza kukupatia nusu ya ada au likizo yenye mshahara.

Kuhusu kompyuta, nunua yenye RAM ya GB 16 au zaidi, SSD ya TB 1, na diski mbili za nje. Iwe ya Windows yenye prosesa ya kawaida ya Intel au AMD. Mac mpya ni nzuri, lakini utakesha ukilazimisha programu za uchunguzi zikubali kufunguka.

Ukishaingia darasani

Daftari la kazi ndilo litakalokubeba. Kila unachofanya, andika saa ileile: tarehe, saa na kanda yake, kifaa, namba yake, programu na toleo lake, ulichokiona. Usifute kosa; likate mstari mmoja, weka saini. Wenzangu waliokuwa wakiandika "baadaye" walikuwa wanatunga, hata kama hawakujua kuwa wanatunga.

Mazoezi ya bure yapo tele. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inatoa kesi ya kubuni ya laptopu ya Dell iliyookotwa tarehe 20 Septemba 2004 pamoja na antena ya kienyeji, ikidhaniwa ni ya jamaa anayejiita Mr. Evil. Ni ya Windows XP, kongwe, na ndiyo sababu naipenda: ni ndogo na maswali yake yamepangwa vizuri. Ifanye mara mbili, mara ya kwanza kwa Autopsy, mara ya pili kwa programu nyingine, ukitafuta mahali zinapotofautiana.

Zitatofautiana, na hapo ndipo mwaka wako unapoanza kulipa. Mwaka 2011 huko Florida, kwenye kesi ya Casey Anthony, mahakama iliambiwa kwamba kompyuta ya nyumbani ilitembelea ukurasa kuhusu kloroformu mara 84. Baadaye aliyeitengeneza programu ile akagundua mwenyewe kwamba ilikosea: ukurasa ulitembelewa mara moja. Programu nyingine ilikuwa imeonyesha hiyo mara moja tangu mwanzo. Uingereza nako, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi wa posta 900 walitiwa hatiani, wengi wao kwa upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, mahakama zikichukulia kwamba kompyuta iko sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo ukipata jibu muhimu, lihakikishe kwa programu ya pili, na likiwa la kumfunga mtu, likafuate kwenye baiti zenyewe. Kwenye NTFS, mpangilio wa mafaili wa diski za Windows, kwa mfano, wakati ni hesabu ya vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601, UTC. Jifunze kuugeuza kwa mkono walau mara moja. FAT, kinyume chake, huandika saa ya ukutani bila kutaja kanda. Flashi na laptopu zikiwa kwenye kesi moja, saa zake hazisomwi kwa jicho moja.

Lugha ya ripoti nayo ibadilike. Acha "mshtakiwa alifungua"; andika "faili lilifunguliwa wakati akaunti fulani ikiwa imeingia". Mwanzoni utaona ni maneno ya woga. Baada ya kuhojiwa mara moja utayaona ni koti la mvua.

Tasnifu

Usiende kutafuta mada Marekani. Wenzetu wameshaandika sana kuhusu iPhone. Simu za Tecno, Infinix na itel zimejaa mifukoni mwetu na zimeandikwa kidogo. WhatsApp zilizochezewa, zile za "GB", zinatumika mitaani kila kona: je, zinahifadhi ujumbe kwenye kanzidata ileile na kwa namna ileile kama WhatsApp ya kawaida? Kitochi chenye laini mbili na ujumbe wa miamala ya fedha, ukiufuta, unabaki wapi? Kutafuta maneno ndani ya mazungumzo yaliyojaa Kiswahili cha mkato, Sheng na herufi zilizorukwa nako ni mada nzito, kwa sababu programu za kutafuta maneno hazikutegemea "xaxa" isomwe "sasa".

Data usiitoe kwa watu. Nunua simu, weka laini zako, jitumie ujumbe wewe na mwenzako kwa ratiba iliyoandikwa dakika kwa dakika, kisha ichunguze. Hapo unajua ukweli wote, unaweza kupima kama programu imeukosa. Simu za mitumba za Kariakoo au Luthuli Avenue zinavutia, ila mara nyingi zimebeba maisha ya mtu asiyekuruhusu. Bila kibali cha kamati ya maadili, usiziguse. Ukifanya utafiti nyumbani, ulizia mapema kibali cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, maana karatasi hizo haziendi kwa kasi ya tasnifu ya miezi mitatu.

Fundi simu, hata hivyo, mtafute. Yule anayekaa kwenye meza ya futi mbili na kioo cha kukuzia anajua namna ya kuiingiza simu yenye prosesa ya MediaTek kwenye hali ya kuflashi kuliko wahadhiri wengi. Tofauti yenu ni kwamba yeye hana haja ya kuandika alichofanya.

Jambo zito

Maabara ya chuo itakupa kesi za kubuni. Kazini utapewa za kweli, na baadhi zina picha za watoto wanaodhalilishwa. Ukiwa mwanafunzi ukikutana na kitu kama hicho kwa bahati mbaya kwenye diski ya mtumba, simama papo hapo, usinakili, usimtumie mtu "athibitishe", mwite msimamizi wako. Katika nchi nyingi kumiliki tu ni kosa. Na kabla ya kukubali ajira, uliza wachunguzi wao hupata ushauri nasaha mara ngapi. Mwajiri akicheka swali hilo, umepata jibu.

Ratiba

Kozi nyingi za Uingereza huanza Septemba. Miaka ya karibuni dirisha la Chevening limekuwa likifunguliwa kati ya Agosti na Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani unaomba mwaka mzima kabla. Rudi nyuma kutoka hapo. Zoezi la flashi lifanye Machi. Sheria na kesi ya Mr. Evil, Aprili hadi Juni. Julai waandikie waratibu watatu, na waombe wadhamini wako barua wakati bado hawajabanwa na mitihani. Wadhamini chagua waliokuona ukifanya kazi: msimamizi wako wa benki anayejua ulivyofuatilia muamala mmoja mpaka saa tano usiku anafaa kuliko profesa aliyekukumbuka kwa jina tu. Vyeti vya kitaaluma vya uchunguzi kama GCFE au EnCE viweke kando mpaka mwajiri avilipie. Ile ripoti ya kurasa mbili ya flashi, pamoja na maswali ya shangazi na majibu yako, iambatanishe kwenye barua pepe ya kwanza kwa mratibu.